Madoa Mahali Jua Halifiki

Dakta Shamsia alipanga picha kwenye meza ya ofisi yake, akazigeuza zimwelekee Inspekta Akwero. Akwero hakuzigusa. Alimtazama daktari kwanza. Kwa Akwero, mtu aliyeita polisi mwenyewe alikuwa wa kuchunguzwa kabla ya wale anaowasema, na hakuona sababu ya kumsamehe daktari wa saratani kanuni hiyo.

"Huyu kijana alikufa na kansa," alisema Akwero. Kiswahili chake kilikuwa cha kambini, alichojifunzia chuo cha polisi, na hakuwahi kukionea aibu. "Kansa haivunji sheria. Sasa mimi nafanya nini hapa?"

"Aliitwa Ulrich. Mkongomani, mwenye ualbino. Nimemtibu tangu mama yake alipomleta Kampala akiwa mtoto. Juzi nilikwenda mazikoni, afande, na nilirudi sielewi amekufaje."

"Umesema kansa."

"Kansa, ndiyo. Kwa mwenye ualbino tunaitazamia hapa, hapa na hapa." Daktari aligusa shingo yake, sikio na mgongo wa mkono. "Mahali panapoliona jua. Sasa tazama kwake ilianzia wapi."

Akwero alizivuta picha. Tumbo. Mbavu. Upande wa ndani wa paja. Ngozi nyeupe iliyojaa madoa ya kahawia, na katikati ya madoa vidonda vilivyopasuka. Alitamani kuziweka chini upesi, lakini alizitazama zote.

"Alikuwa anatembea uchi?"

"Mama yake hakumruhusu hata kukunja mikono ya shati. Kofia, glavu, mwavuli, mafuta ya kukinga jua. Kama ningeombwa kumtaja mama mmoja anayefuata maagizo yangu yote, ningemtaja Emérence."

"Basi mtu alimvua nguo akamlaza juani. Watu wanatesana, daktari. Albino wanawindwa."

"Nilifikiri hivyo, ndiyo maana nikakuita. Lakini anayelala juani huungua upande mmoja. Huyu ana madoa mbele, nyuma, ubavuni, kote sawasawa. Jua halina adabu hiyo."

Akwero aliinua picha ya uso. Madoa yalitapakaa kuanzia paji hadi kidevuni, isipokuwa kuzunguka macho, ambako palikuwa na mviringo msafi kila upande.

"Miwani," alisema.

"Midogo sana. Miwani yake ya jua ilikuwa mikubwa, ilimfunika mpaka mashavuni."

"Kwa hiyo alilala uchi, amevaa miwani ndogo, na kitu kikamwaga mwanga juu na chini yake." Akwero aliiweka picha. "Kitu gani hiyo?"

"Ulaya kuna vitanda vya taa. Mtu mweupe anayetaka rangi ya jua wakati wa baridi analala ndani, anafunikwa, taa zinamwunguza taratibu. Miale ni ileile ya jua, tofauti ni kwamba imetiwa kwenye chupa."

"Na taa ndiyo imemuua."

"Polepole. Uvimbe mmoja, wa mtu mmoja, siwezi kuapa mahakamani kwamba umetoka kwenye taa. Ninachoweza kuapa ni kwamba vitanda hivyo vinaongeza hatari ya kansa ya ngozi. Hilo halina ubishi tena. Wataalamu wa kansa duniani wameviweka kundi moja na sigara. Na hiyo ni kwa watu wenye rangi kidogo ya kujikinga. Kwa mtu asiye nayo kabisa..." Daktari aliigeuza picha moja kifudifudi. "Kuna nchi zimevipiga marufuku."

"Vikipigwa marufuku huko, vinakwenda wapi?"

"Hilo ni swali la polisi."

Akwero alikaribia kutabasamu. Alianza kumwondoa daktari kwenye orodha yake, ingawa si moja kwa moja.

"Ana dada," alisema Dakta Shamsia. "Reine. Naye ana ualbino. Ana kidonda kidogo mgongoni, chini ya bega. Nikikikata sasa, atapona. Nikichelewa, utaniletea picha nyingine kama hizi. Tangu msiba mama yake hajamleta, na simu hapokei."

"Tutamleta kwa nguvu."

"Ana miaka ishirini, afande. Mtu mzima. Asipotaka kukatwa, mimi sina la kufanya, na wewe pia huna."

*

Emérence aliuza vitenge Nakawa na aliishi nyuma ya soko, katika chumba kilichogawanywa na pazia la kitenge. Dirisha lilizibwa kwa blanketi. Mchana kweupe taa ya umeme ilikuwa inawaka.

"Karibu, mama afande. Kaa. Nilete chai?"

"Sikuja kwa chai."

Mwanamke huyo alikuwa mrefu, mweusi, amefunga kitambaa cha msiba, na mikono yake haikutulia. Aliketi, akasimama, akaketi tena.

"Ni ile krimu," alisema kwa Kiswahili chake cha Kongo. "Krimu ya Bashir, kule Kisenyi. Hiyo njo iliharibu ngozi ya Ulrich. Mukamate yeye."

"Sijauliza kitu bado."

Akwero aliliweka hilo kichwani. Jibu lililotangulia swali limepikwa nyumbani, na mpishi huwa na sababu.

"Ulrich alikuwa anakwenda wapi? Peke yake?"

"Hakuna. Miye na yeye, kila pahali. Batoto yangu habatembei pekee yabo."

"Nani alikuwa anamvua nguo?"

"Nani atamuvua? Juwa haijapata kumugusa mutoto yangu. Uliza daktari."

Pazia lilisogea. Msichana aliyevaa gauni la mikono mirefu alitoka akifinya macho kwa sababu ya taa. Alisalimu kwa kupiga goti kidogo, akatabasamu. Uso wake ulikuwa umejaa madoa, na kuzunguka macho kulikuwa na miviringo miwili misafi. Huyu hakuwa picha. Huyu alikuwa anapumua, na mtu alikuwa bado anamlaza ndani ya taa zile.

"Daktari anakutafuta," Akwero alimwambia. "Kuna kidonda begani."

"Inakauka," alisema Reine.

"Unaiona?"

"Mama anaiona. Anasema inakauka."

"Unavaa miwani gani?"

"Ya juwa," mama alijibu kabla ya binti, na upesi akaileta: miwani mikubwa, ya kufunika nusu ya uso. Akwero aliishika, akailinganisha kwa macho na miviringo ile, akairudisha. Haikulingana hata kidogo.

Angeweza kumbana mama yule pale pale, lakini Emérence aliipokea miwani huku akiutazama mlango, na Akwero alijua woga akiuona. Kuna mtu anamtisha, alijiambia. Mtu mwenye taa amemziba mdomo. Nikimbana sasa, atampigia simu na taa itahama. Ilikuwa hoja nzuri, imepangwa vizuri, na nusu yake ilikuwa kosa.

*

Duka la Bashir lilikuwa Kisenyi, kwenye uchochoro wa gereji, na kuta zake zote zilijaa mikebe na chupa zenye picha za wanawake waliojichubua. Mwenyewe alikuwa mzee mfupi mwenye kofia iliyodariziwa, mwana wa familia ya Old Kampala ambayo babu zake walifika na misafara kutoka pwani na hawakurudi tena. Alikuwa anafunga vibao vya dirisha.

"Ni Ijumaa, mwanangu. Nakwenda kuswali."

"Utaswali tukimaliza." Akwero alionyesha kitambulisho. "Wewe unauza krimu kwa Emérence. Mkongomani, watoto albino."

"Wallahi sijawahi. Afande, hebu fikiri. Krimu zangu ni za kumtoa mtu weusi. Albino atajichubua nini?"

Akwero hakuwa amelifikiria hilo, na kulisikia kwa muuza mkorogo kulimkera.

"Una taa nyuma ya duka?"

"Taa gani?"

"Ya kufanya mtu awe mweusi. Kitanda."

Bashir alicheka mpaka akashika ukingo wa meza. "Mwanangu, Kampala nzima inakuja kwangu kutafuta weupe. Nikileta taa ya weusi, kesho nimefunga duka!" Akapangusa macho. Kisha kicheko kikamwisha, na Akwero akaona kimemwisha ghafla.

"Umekumbuka nani?"

"Sipendi kumsema jirani."

"Kijana mmoja amezikwa kwa kutosema jirani."

Mzee alivuta pumzi. "Valère. Ana ua nyuma ya gereji ya injini, anauza mitumba ya kontena: friji, mashine za kufulia. Ananunua kwangu mafuta ya nazi kwa katoni. Alipofika alikuwa chotara mweupe hivi, watu wakimwita Mzungu. Sasa kila mwezi anazidi kuwa mweusi, na kutwa nzima anashinda kivulini. Na macho yake..."

"Yana nini?"

"Yamebaki meupe kuzunguka. Kama bundi."

"Wateja wake wanakuja saa ngapi?"

"Hapo ndipo na mimi huwa najiuliza. Ijumaa mtaa huu wote unakwenda msikitini. Gereji zinanyamaza, hata nyundo husikii. Ndipo jenereta lake linapoanza kulia. Mimi nikichelewa kufunga ndiyo nalisikia. Mtu anayefanya kazi wakati mtaa mzima hauna macho, kazi yake haitaki macho."

Mwadhini alianza kuita. Bashir alimtazama kwa kuomba ruhusa, na Akwero akamwachia.

Alibaki uchochoroni. Mafundi walitoka chini ya magari, wakanawa mikono kwa petroli, kisha kwa sabuni, wakaondoka makundi makundi. Wauza maharage wa Kisomali walishusha mapazia. Nyundo ya mwisho ilinyamaza. Mahali ambapo asubuhi mtu alilazimika kupiga kelele ili asikike palikuwa patupu. Halafu, nyuma ya gereji ya injini, jenereta likakohoa, likashika.

*

Akwero alipita kati ya friji zilizopangwa mpaka kwenye kontena la bluu lenye mlango wa mbao. Alikuwa amejiandaa kukuta mlinzi mlangoni, hata mwenye panga. Alimkuta Emérence. Alikuwa ameketi kwenye kigoda, na mapajani alishika mwavuli, kofia pana na jozi ya glavu nyeupe.

Emérence aliuvuta mwavuli karibu na kifua.

"Nani anakutisha?" Akwero aliuliza, ingawa alikwisha kujua.

"Hakuna mutu."

"Wewe ndiye unamleta."

"Miye ni mama yake. Nani mwingine atamuleta?"

Mlango ulifunguka, akatoka mwanamume mpana, mweusi sawasawa kuanzia shingo hadi vidole, na macho yamezungukwa na weupe. Bashir alikuwa amemwelezea vizuri.

"Madame, hapa ni biashara halali," alisema Valère.

"Biashara halali haingoji watu waende msikitini. Zima jenereta."

"Iko mutu ndani..."

Akwero alilizima mwenyewe. Ua ulinyamaza. Ndani ya kontena sauti ya Reine ilisema, "Valère, taa imezimika. Muda yangu haijaisha!"

"Vaa nguo, binti," Akwero aliita. Kisha akamfunga Valère pingu kwenye mpini wa friji na kuchungulia ndani. Kilikuwa kitanda chenye kifuniko, mfano wa friza la duka la samaki, na mirija ya taa juu na chini. Ukutani ilining'inia miwani midogo ya plastiki, isiyotosha hata kufunika nyusi. Reine alikuwa ameketi ukingoni akifunga vifungo. Alionekana kuudhika, kama mtu aliyekatizwa akisukwa nywele.

Akwero alimgeukia Emérence. Alikuwa na hasira iliyotafuta pa kushukia, na mwanamke yule, na kofia yake mapajani, hakuwa mahali pazuri pa kuishushia.

"Kwa nini?"

"Kule Kongo balichukua mutoto wa dada yangu sababu ya ngozi yake. Tukakimbia. Hapa mutu akamufuata Ulrich mu soko, akimuomba nywele. Nilitaka batoto yangu bapite mu soko kama batu bengine. Hiyo tu, afande. Mutu asigeuke kubaangalia." Sauti yake ilikuwa inasihi. "Daktari alisema juwa inaua. Nikabaficha na juwa miaka yote. Uliza yeye! Hapa hakuna juwa. Hapa ni mu nyumba. Ile ni taa."

"Wazungu wanalala humu tangu zamani," alidakia Valère. "Miye mwenyewe ninalala, niko muzima! Ulrich alikufa sababu aliacha taa katikati. Nilimuambia, ukiacha katikati ngozi inakasirika."

"Wewe nyamaza." Akwero alichuchumaa mbele ya Emérence, uso kwa uso. Alisahau kwamba alikuwa anamhoji mshukiwa. "Mimi nauliza, wewe jibu tu. Kidonda ya kwanza ya Ulrich ilitoka wapi?"

"Mu tumbo."

"Ya pili?"

"Mu mbavu. Kisha mu paja."

"Jua iliwahi kuona tumbo yake?"

"Hata siku moja!" Alisema kwa fahari, hata sasa.

"Hata mara moja, akioga?"

"Nimesema hata siku moja."

"Basi nini iliona tumbo yake?"

Emérence alifungua mdomo kujibu. Akageuka akakitazama kile kitanda kupitia mlangoni, akakitazama muda mrefu. Glavu zilimponyoka zikaanguka kwenye vumbi la oili. Akwero alimwona akiliona jibu, na angefurahi kuwa mahali pengine popote.

Reine alitoka akisukuma mikono ya gauni juu. "Afande, usimusumbue mama. Miye njo nataka. Angalia." Alinyoosha mkono wenye madoa. "Zamani haikukuwa hivi. Rangi inakuya. Pole pole, lakini inakuya."

"Hiyo si rangi. Ni ngozi inaharibika. Twende kwa daktari, leo."

"Hapana. Kisu inakata rangi, inabidi kuanza upya. Nikiacha katikati nitakufa kama Ulrich." Hakuwa mkaidi, alikuwa anaeleza. "Na weye ni polisi. Unajua nini ya ngozi?"

Valère alicheka kidogo pale kwenye friji. "Unaona? Yeye ni mutu mukubwa. Funga hii, afande. Kontena zinakuya kila mwezi. Atanitafuta mwenyewe."

Alikuwa anasema kweli, na Akwero alimchukia kwa hilo. Angeweza kufunga kontena. Angeweza kumlaza Valère selo mpaka wakili wake atakapokuja. Lakini msichana huyu angetoka hapa kwa miguu yake na kuitafuta taa nyingine, na kile kidonda kingeendelea kukua mahali asipoweza kukiona. Duniani kulikuwa na mtu mmoja tu ambaye Reine angemwamini kuhusu ngozi yake.

"Emérence," Akwero alisema. "Mimi hataniamini. Daktari pia hapana. Mwambie wewe."

"Siwezi."

"Ukinyamaza, utamzika."

Emérence alisimama. Alijishika kwenye mlango wa kontena, akaachia, kana kwamba mbao zilikuwa za moto. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta.

"Reine. Ulrich hakuacha sababu ya uvivu."

"Mama, Valère alisema..."

"Valère hakukuwa mu nyumba usiku. Miye nilikuwako. Ulrich aliniambia taa inamuchoma mpaka mu mifupa. Alilia, mutoto mukubwa vile. Akasema mama, hii kitu inaniua. Nikamuambia avumilie. Nikasema rangi haikuyi bila maumivu. Akakataa, nikamushika mukono, nikamurudisha hapa miye mwenyewe." Alikinyooshea kitanda kidole. "Kidonda zilitoka pahali ile taa iligusa. Pahali juwa haikugusa. Njo taa ilimuua. Na miye njo nilimuleta."

Kwa mbali, kutoka msikitini, ilisikika sauti ya imamu kwenye kipaza sauti.

Reine aliutazama mkono wake. Aliugeuza, akayatazama madoa yale aliyokuwa akiyahesabu kuwa faida, na taratibu akaishusha mikono ya gauni mpaka kwenye vidole.

"Ulisema inakauka," alisema. "Kidonda yangu. Inakauka?"

Emérence alitikisa kichwa kukataa.

"Imekuwa kubwa?"

"Imekuwa kubwa."

Reine alifunga kifungo cha mwisho cha gauni. Alipogeuka, alimgeukia Akwero, na alizungumza kwa utulivu uliomwogopesha Akwero kuliko kilio.

"Daktari iko leo?"

"Yuko. Anakungoja."

"Basi twende, miye na weye. Yeye abakie. Nitamuita siku nitaweza kumuangalia."

Akwero alimtazama Emérence, ambaye bado hakuwa amechukuliwa maelezo, ambaye kwa sheria alipaswa kuondoka hapo chini ya ulinzi. Alimpigia simu sajini wa kituo aje amchukue Valère na kulifunga kontena; jina la Emérence hakulitaja. Kisha akatangulia na msichana kati ya friji, akamfungulia mlango wa mbele wa gari, na Emérence akabaki amesimama uani palepale alipoambiwa abaki.